Kompyuta isijizime katikati ya fomu

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Songea mjini hujaa vijana wanaojaza fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) mtandaoni. Programu ya ulinzi ikijisasisha kimyakimya saa hizo, kompyuta hujizima na kujiwasha upya, au kivinjari hufunga ghafla. Kijana aliyetoka Namtumbo kwa nauli ya kuazima huanza upya, na pengine hulipa tena. Hilo halikubaliki.

Hatusemi masasisho yazuiwe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha mashine zao. Lakini Julai 19, 2024, sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, lililoingia bila mwenye mashine kuulizwa, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali ziliahirisha huduma, na mafundi walilazimika kurekebisha mashine nyingi moja baada ya nyingine.

Tunachodai ni taarifa. Watengenezaji waseme kinachoingia ni nini, kitakula bando kiasi gani na mashine itazimwa lini. Wenye steshenari nao wasisubiri: Windows ina mpangilio wa saa za kazi unaozuia mashine kujiwasha upya yenyewe kwa ajili ya masasisho ya Windows kwa hadi saa 18 kwa siku. Wauweke kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, na masasisho yafanyike usiku, wateja wakiwa wameondoka.