Jina la Lavigerie latoka wapi?

Siku moja hapa Bibokoboko mwanafunzi mmoja alifuta jina lake juu ya daftari, akaandika la Kifaransa alilolisoma kitabuni: Lavigerie. Jina alilopewa na baba yake maana yake ni safari, kwa kuwa mama yake alimzaa njiani, wakati wa kukimbia vita. Akaniambia, “Mwalimu, jina langu lakumbusha taabu tu, hili ni la wakubwa.” Sikumkemea. Nilimweleza asili ya jina lile, nanyi nawaeleza.

Zamani Wafaransa walio wengi walikuwa na jina moja tu. Watu walipozidi, akina Jean wakawa wengi kijijini, basi majirani wakawapambanua. Mfua chuma akaitwa Lefebvre, aliyekaa penye daraja Dupont, mrefu Legrand. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza aliamuru ubatizo uandikwe vitabuni. Majina yakazidi kukaa imara, yakashukia wana na wajukuu. Ndiyo maana mjukuu asiyejua kushika nyundo huitwa Lefebvre hata leo.

Na Lavigerie je? Kusini mwa Ufaransa palikuwa na hakimu aliyeitwa viguier, aliyeamua mashauri kwa niaba ya bwana wake. Neno hilo latoka katika Kilatini, vicarius, yaani ashikaye mahali pa mwingine. Ndilo lililozaa pia neno vikari tulijualo kanisani. Nchi aliyoisimamia iliitwa viguerie au vigerie, na jina la mahali likawa jina la watu. Tena ukoo huo ulikuwa na jina jingine, Allemand, maana yake Mjerumani!

Charles Lavigerie alizaliwa Bayonne mwaka 1825, mwana wa mtumishi wa forodha. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe, na mwaka 1882 akafanywa Kardinali. Mapadri wake walifika pwani yetu ya Tanganyika: mwaka 1880 walikaa Masanze, na mwaka 1883 Kibanga, karibu na Ubwari, wakapaita Lavigerieville. Huko waliwakomboa watoto waliotekwa utumwani. Mwaka 1888 Kardinali mwenyewe alizunguka miji ya Ulaya akiushtaki utumwa mbele ya watu. Hapo ndipo jina la hakimu mdogo lilipopata sifa: katika kazi ya mtu aliyelichukua.

Mwanafunzi alinyamaza, kisha akauliza, “Basi, Mwalimu, yeye aliitwa kwa mahali walipokaa wazee wake, nami kwa njia aliyopita mama yangu?” Nikamjibu, “Ndivyo.” Akaligeuza daftari, akaliandika tena jina alilopewa na baba yake.

Enyi wazazi, wasimulieni watoto kisa cha majina yao, hata kama kisa hicho kina machozi. Mtoto asiyeambiwa hudhani jina lake ni aibu, akaenda kuazima la mwingine.