F-35B: Ndege Moja, Mabwana Watatu

Jamani, tuache kuisifu F-35B eti kwa sababu inatua wima. Harrier ilishafanya hivyo zamani. Katika vita vya Falklands mwaka 1982, Sea Harrier za Uingereza ziliangusha ndege 20 za Argentina, na hakuna hata moja iliyoangushwa na ndege ya adui. Injini moja, midomo minne ya kugeuza msukumo, basi.

Marekani ikataka ndege moja ya kuwaridhisha jeshi la anga, jeshi la majini na Marines. Waliohitaji kutua wima ni Marines. Feni ya kuinua ikala nafasi ya mafuta: F-35B hubeba tani 6 hivi, F-35A zaidi ya 8. Mwaka 2004 B ikaonekana nzito mno, mradi mzima ukachelewa.

Mtasema vipuri vya pamoja vinapunguza gharama. Wapi! Mwaka 2016 mkuu wa mradi, Jenerali Christopher Bogdan, alisema ndege hizo tatu zinafanana kwa asilimia 20 hadi 25 tu.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu moja ya wateja watatu huishia kuwa programu tatu, zote nzito. Marines wangeundiwa yao. Mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika tatu?