Ukimya wa Chombo si Ushahidi

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kompyuta yake akilalamika kwamba hesabu zake za wastani wa mvua, zilizokuwa sahihi jana yake, sasa zilitoa jibu la ajabu. Alikuwa ameiagiza Git, programu ya kutunza matoleo, imwonyeshe mistari iliyobadilika kwa kutumia chombo cha nje cha kulinganisha mafaili. Dirisha likafunguka likiwa tupu. Kwa kuwa hakuona tofauti, alihitimisha kwamba hakuna kilichobadilika, akashinda jioni nzima akizikagua takwimu za mvua ambazo hazikuwa na kosa lo lote.

Kosa lake si la uvivu. Ni kosa tulilomfundisha sisi walimu, kwani twawazoeza vijana kutumia vyombo bila kuwazoeza kuvichunguza.

Hebu tutazame jinsi kazi hii inavyokwenda. Kulinganisha mafaili kwa kompyuta si jambo jipya. Njia iliyotumiwa na programu iitwayo diff ilielezwa na James Hunt na Douglas McIlroy mwaka 1976. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, yaweza kulinganisha yenyewe, lakini pia humruhusu mtumiaji kukabidhi kazi hiyo kwa chombo kingine chenye madirisha na rangi. Katika makabidhiano hayo, Git hutaja faili la zamani kwa jina LOCAL na lile jipya kwa jina REMOTE. Amri aliyoandika mwanafunzi wangu haikuyataja majina hayo mawili. Chombo kiliitwa kazini, kisipewe kazi.

Tena kuna jambo la kushangaza. Git hukiita chombo cha nje kwa faili lililobadilika tu. Kwa hiyo kule kufunguka kwa dirisha kulikuwa ushahidi kwamba kuna mabadiliko, kinyume kabisa cha alivyodhani.

Makosa ya namna hii hutokea mara nyingi pale programu mbili zinapokutana. Subversion, kwa mfano, hukipa chombo cha nje vigezo saba, na mafaili yenyewe ni cha sita na cha saba. Chombo kinachoyatazamia mwanzoni hupotea njia. Jina la folda lenye nafasi ndani yake, lisipofungwa kwa alama za mtajo, husomwa kama majina mawili. Aidha, Windows kwa kawaida humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, ilhali Linux hutumia moja. Hivyo faili lisilobadilishwa hata neno laweza kuonekana limebadilika mstari kwa mstari.

Dawa ya kwanza wanayoikimbilia wengi ni kufuta programu na kuiweka upya. Dawa hiyo haiponyi, maana kilichoharibika si programu bali maelewano. Yafaa mwanafunzi afuate hatua tatu. Kwanza, aiache Git ilinganishe yenyewe, bila chombo cha nje. Pili, akiendeshe chombo hicho peke yake, akikipa mafaili mawili ambayo anajua kwa hakika kwamba yanatofautiana. Tatu, ikiwa vyote viwili vyafanya kazi, achunguze kiungo kilicho kati yao: ni amri gani inayotumwa, na kwa mpangilio gani?

Najua baadhi ya walimu watasema kwamba muhtasari umejaa na kompyuta ni chache. Ni kweli. Lakini zoezi hili lahitaji kompyuta moja na mafaili mawili ya mistari mitano, na funzo lake si la kompyuta pekee. Katika maabara ya fizikia hatumruhusu mwanafunzi kupima uzito kabla ya kuhakikisha kwamba mizani imesimama kwenye sifuri. Kwa nini basi tumruhusu aamini dirisha tupu?

Kijana anayesoma ukimya wa chombo kuwa ni jibu, kesho atasoma hivyo hivyo kipimo cha maji au cha damu. Hatuna budi kumfundisha leo kuuliza kwanza: je, chombo hiki kingeniambia, kama tofauti ingekuwapo?