Swali Linalofikirisha Darasani

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya Kiswahili nchini Kenya, anayeuliza ni mwalimu pekee, na swali alipendalo ni moja: "Mmeelewa?" Wanafunzi huitikia kwa pamoja kuwa wameelewa, na somo likaendelea. Swali hilo halipimi chochote ila utiifu.

Chukua mfano wa tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyowahi kutahiniwa katika shule za upili. Mwanafunzi akiulizwa ataje sifa tatu za Gege, atazikariri kutoka kwenye mwongozo hata kama hajafungua tamthilia yenyewe. Lakini akiulizwa iwapo Gege angemuua nduguye Mwelusi bila kuahidiwa binti wa mtawala, sharti arejee matini, apime ushahidi na kutetea msimamo wake. Kisha aulizwe: ni nini kilichokuongoza kufikiri hivyo? Hapo ndipo tafakuri huzaliwa, kwa kuwa mwanafunzi huanza kuikagua njia yake mwenyewe ya kufikiri.

Wapo watakaodai kwamba madarasa yamefurika na silabasi ni ndefu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mary Budd Rowe, katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1974, alibainisha kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi walioonekana wazito wakachangia zaidi. Sekunde 2 za ziada hazimalizi kipindi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetenga nafasi ya maswali dadisi katika kila mada. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, swali lililochapishwa halina uhai mikononi mwa mwalimu ambaye hakuwahi kuulizwa lolote la kumfikirisha alipokuwa chuoni. Aliyefunzwa kwa imla atafunza kwa imla.

Kwa hivyo, mageuzi haya hayana budi kuanzia katika kumbi za mihadhara. Mhadhiri wa fasihi na apunguze kusoma nukuu, aulize, kisha anyamaze asubiri. Mwanafunzi naye asiridhike kuandika kila asikialo. Aulize limetoka wapi na lina ushahidi gani. Bila hayo, vyuo vitaendelea kuwatunuku shahada mabingwa wa kukariri, nao watawarithisha wanafunzi wao ukimya uo huo.