Hodi kwa Jirani



Mwezi huu tuanze na jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mtoto wetu wa miaka 8 aliacha ghafula kumwamkia mzee jirani. Mzee akipita, mtoto hujificha nyuma ya mlango. Mama yeyote anajua mawazo yaliyotujia. Je, amefanyiwa ubaya? Usiku ule sisi wazazi wake hatukupata usingizi.

Kesho yake tulimwuliza polepole, bila kufoka. Jibu lake lilitushangaza: alikuwa akimwogopa jirani wa kwenye simu!

Mchezo wenyewe unaitwa Hello Neighbor. Ulitoka mwaka 2017 kwa kompyuta, na mwaka 2018 ukaingia katika simu. Mchezaji ni mtoto anayeshuku kuwa jirani yake ameficha siri katika chumba cha chini ya nyumba. Basi huingia kwa kunyata, hujificha kabatini, hutafuta funguo na kufumbua mafumbo ili aufikie mlango wa chumba hicho. Jirani akimwona humkimbiza. Akimkamata, mchezo huanza tena nje ya nyumba. Hakuna damu. Lakini jirani huyo hujifunza: ukipitia dirisha lile lile mara kwa mara, utakuta ameweka kamera au mtego wa chuma. Hapo ndipo hofu ilipo.

Huko Marekani mchezo huu umepewa alama ya miaka 10 na zaidi. Wetu alikuwa na miaka 8, na sisi wenyewe ndio tuliompa simu ili tupike kwa utulivu. Kosa lilikuwa letu.

Hatukuufuta mara moja. Tuliketi naye mchana, tukamwomba atufundishe kucheza. Baba yake alikamatwa mara nne, mtoto akacheka mpaka machozi. Kisha tukamwuliza, "Je, sisi huingia nyumba ya watu bila hodi?" Akasema hapana. "Na ukiona jambo baya kwa jirani, utafanya nini?" Akanyamaza.

Hapo tukajua pa kuanzia. Katika mchezo, yule mtoto huingia peke yake, na mwisho wa sehemu ya kwanza yeye mwenyewe hufungiwa chini. Tulimwambia mwanetu: ukiona jambo la kukutisha, liwe la kweli au la kwenye simu, njoo utuambie. Hatutakupiga wala kukucheka.

Akina mama wenzetu, tunashauri hivi:

Kwanza, tazama alama ya umri kabla ya kumpa mtoto mchezo.

Pili, keti ucheze naye walau mara moja. Hofu ya watu wawili ni nyepesi.

Tatu, michezo ya kutisha isichezwe karibu na saa ya kulala.

Nne, mtoto akimwogopa mtu fulani, usikimbilie kusema ni mchezo tu. Mwulize kwanza, umsikilize. Safari hii ilikuwa simu; siku nyingine huenda isiwe.

Jumamosi tulimtuma kwa mzee na sahani ya maandazi, nasi tukafuata nyuma. Alisimama mlangoni, akabisha hodi kwa sauti ndogo.

"Karibu, mjukuu wangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulikuwa umepotelea wapi?"

Tukutane mwezi ujao.