Msitupandishe Levo Bure, na Msituzuie Bure

Jumamosi iliyopita mwendesha mchezo wetu alifunga daftari akasema, "Haya, wote levo ya tisa." Hakuna aliyeshangilia. Mmoja alikuwa anatafuta waya wa kuchajia simu, mwingine akauliza, "Tisa? Si juzi tulikuwa saba?" Hapo nikajua tumeharibu kitu. Nimekaa nacho wiki nzima, sasa nakiandika. Wengine mtakasirika. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho.

Kwa nyinyi wa mashirika mnaotusoma na hamjawahi kukaa mezani kwetu: huu ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Mtu mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, na dadu inaamua kama umeweza au umeshindwa. Mhusika anaanza dhaifu, levo ya 1, anakusanya alama, anapanda. Ule wa kwanza kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, watungaji wake Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi hapa New Site tunatumia kanuni zile za msingi zilizoachiwa kila mtu bure Januari 2023, ziko kwenye simu moja. Dadu ya pande ishirini hatuna, tunachomoa vikaratasi 20 kwenye kikombe. Hadithi yetu ni ileile moja tangu kabla ya mvua za mwaka jana.

Sasa angalieni namba. Kufika levo ya 2 unahitaji alama 300. Ya 3 ni jumla ya 900, ya 4 ni 2,700, ya 5 ni 6,500. Halafu ya 6 ni 14,000. Yaani hatua moja tu, kutoka 5 kwenda 6, inakula alama 7,500, zaidi ya zote ulizokusanya tangu mhusika wako azaliwe. Waliotunga hawakukosea hesabu. Mwanzo unakimbia ili mgeni aone kwamba kweli anakua. Ukifika levo ya 5 mpiganaji anaanza kupiga mara mbili kwa zamu, na mchawi anapata mpira wa moto. (Mama mwenye nyumba alipolisikia hilo neno mchawi tulilibadilisha siku hiyohiyo, sasa tunamwita fundi wa moto.) Baada ya hapo mwendo unapungua, kwa sababu mtu anahitaji muda wa kukizoea alichopata.

Sisi tulifanya nini? Fundi wetu alipata mpira wa moto Jumamosi moja, akautumia mara moja, Jumamosi ya pili akapewa kikubwa zaidi, ule wa kwanza akausahau. Ni kama kumpa mtu panga jipya kabla hajakata hata mti mmoja kwa lile la zamani.

Mwendesha mchezo ana hoja, na si hoja ndogo. Anasema, "Watu wanaondoka, bana. Nitawawekea levo ya kumi mpaka lini?" Ni kweli. Mwenzetu mmoja aliondoka katikati ya hadithi, familia yake ilihamishwa, mhusika wake akabaki levo ya 4. Tuliumia wote. Lakini akipiga simu, anauliza nini? Hajawahi kuuliza tuko levo ya ngapi. Anauliza, "Yule mzee wa daraja mlimlipa?" Lile daraja tulikaa nalo Jumamosi tano, levo ya 3, tukiogopa kila kivuli. Hicho ndicho alichoondoka nacho. Levo nne za haraka zisingempa daraja hilo, zingemnyang'anya.

Lakini msinipige sasa na "haraka haraka haina baraka". Methali hiyo tunaisikia kwenye kila dirisha. Mimi sisemi tusubirishwe. Kuna mwendesha mchezo mwingine tuliyekuwa naye mwanzoni, hakuhesabu alama kabisa. Alikuwa anasema, "Mtapanda hadithi ikifika pazuri." Kanuni zinaruhusu, na meza nyingi duniani zinacheza hivyo na watu wanafurahi. Labda kwao inafaa. Sisi sentensi hiyo tunaijua kwa sura nyingine: "Subiri, utapigiwa simu." Kusubiri bila kujua umebakiza ngapi ndiyo maisha yetu Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwa nini tukuletee tena Jumamosi, na tena wewe mwenyewe ndiye uliyeshika kalamu?

Na kosa la tatu ni baya kuliko hayo mawili. Mwenzetu mwingine alikosa vikao viwili. Siku ya kwanza alikuwa foleni ya karatasi zake, ya pili alimsaidia mama yake kuuza sokoni. Aliporudi tulikuwa tumemwacha levo mbili. Pambano lililofuata mhusika wake alianguka kwa pigo la kwanza. Akacheka, akasaidia kukusanya vikaratasi, hakurudi tena. Tusiilaumu dadu. Tulimwadhibu mtu kwa kuwa mkimbizi, halafu tukaita sheria ya mchezo. Mtindo wa kila mtu na alama zake ni wa zamani sana; mwaka 1974 hata dhahabu uliyoitoa salama shimoni ilihesabiwa kuwa alama zako. Unawafaa watu wanaojichagulia Jumamosi zao.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Lengo litajwe mapema na liandikwe kwenye kile kipande cha boksi ukutani: kazi hizi tatu zikiisha, tunapanda. Kila mtu aone tumebakiza nini. Levo tatu za kwanza ziende haraka, kikao kimoja au viwili kila moja. Kuanzia ya 4, zisipungue Jumamosi nne. Tupande wote pamoja, aliyekuwepo na aliyekuwa foleni. Na anayeondoka apewe Jumamosi ya mwisho iwe yake, hadithi ya mhusika wake imalizike mbele yetu, jina lake libaki kwenye ramani.

Anayesema Jumamosi nne ni nyingi mno, aangalie RuneQuest ya 1978 au Call of Cthulhu ya 1981. Humo ujuzi ulioutumia ukafaulu unawekewa alama, baadaye unarusha dadu kuona kama umeongezeka. Ukiwa na 30 kwenye kupanda ukuta, lazima dadu izidi 30. Ukiwa na 70, lazima izidi 70. Unakua kidogo kidogo kwa kitu ulichokifanya kweli, na kadiri unavyokijua ndivyo kinavyokuwa kigumu kuongeza. Hiyo tunaweza kuichomeka kesho.

Na nyinyi wa mashirika, msidhani hapa mnatazama ugomvi wa watoto na karatasi zao. Nina vyeti vinne vya mafunzo ya siku tatu tatu. Kila kimoja kinasema nimepanda. Hakuna mafunzo hata moja yaliyoniuliza nimeufanyia nini ujuzi wa yale yaliyotangulia, kwa sababu ripoti ilitaka idadi ya waliohitimu. Halafu nikiomba nafasi ya kazi, naambiwa nisubiri, bila kuambiwa ninasubiri nini. Mnatukimbiza na mnatuzuia kwa wakati mmoja. Tuambieni vigezo mapema. Tupeni muda na vifaa vya kutumia tulichojifunza kabla ya kutuita kwenye kingine. Na aliyekosa siku moja kwa sababu ya foleni msimfute kwenye orodha.

Jumamosi hii nitaomba turudi levo ya saba na tupige kura. Nami nitapoteza. Mpiganaji wangu alipofika tisa alipewa nafasi ya kurudia dadu iliyomwangusha asipoweza kujiokoa, jambo nililolitamani tangu siku ya kwanza. Sijaitumia hata mara moja. Nitaifuta kwenye karatasi, niisubiri tena nikijua nimebakiza kazi ngapi. Nani mwingine anarudi?