Mwali Afundwe Kuitazama Ngozi Yake, Si Kuichubua



Leo sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hapa kwetu visiwani na kule ng'ambo, Bagamoyo mpaka Bunju, harusi ikikaribia mwali huwekwa ndani. Husuguliwa singo, hupakwa liwa, huchorwa hina. Desturi njema, na Alhamdulillah bado ipo. Lakini siku hizi kando ya bakuli la singo pana kikopo kisicho na jina. Ni mkorogo. Na anayempaka mwali si adui yake. Ni somo yake, na mama mzazi amekaa pale pale. "Awake kidogo kwenye picha," wanasema.

Jamani, tunamfanyia nini mtoto wetu? Mikorogo mingi ina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Tanzania imeshavipiga marufuku kwenye vipodozi. Zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo, na bi harusi akishika mimba humfikia hata mtoto tumboni. Na huo weupe unapatikanaje? Kwa kuizuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi inayoikinga na jua. Bi harusi anakwenda fungate ufukweni akiwa amenyang'anywa mwavuli aliozaliwa nao.

Anayetaka kujua thamani ya mwavuli huo amuulize mwenye ualbino. Kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kila siku, na huweza kuja wakiwa bado vijana. Ndiyo maana kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, yalianza kutengenezwa kwa ajili yao mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun. Mwenzako anasubiri kichupa ili apate sehemu ya kinga uliyopewa wewe na Mola bure, nawe unalipa pesa uivue! Kama huku si kukufuru neema, ni nini?

Najua jibu: "Sisi weusi hatupati saratani ya ngozi." Tunapata, ingawa si kwa wingi. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Aina hiyo haitokani na jua. Hupenda nyayo, viganja na kucha, na hutuua kwa sababu hatuangalii. Na sehemu hizo hizo ndizo tunazozifunika kwa hina na piko!

Wengine husema buibui linatosha. Buibui ni kinga nzuri ya jua, sikatai. Lakini stara ni kwa macho ya watu, si kwa macho yako mwenyewe.

Kwa hiyo nasema na masomo na makungwi. Ninyi ndio mnaomfunda binti tangu anapovunja ungo. Mnamfundisha usafi, josho na heshima. Mfundisheni na hili. Binti anatawadha mara tano kwa siku; basi walau mara moja kwa mwezi augeuze unyayo autazame. Kabla ya hina, kagueni kucha na nyayo zake kwenye mwanga. Kidonda kisichopona mwezi mzima, baka linalokua au kubadilika rangi, mstari mweusi wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka: hospitali, si kwa muuza vipodozi. Si kila alama ni saratani. Daktari ndiye wa kusema. Na ikibidi, Ocean Road iko Dar es Salaam, si mbali na Bagamoyo.

Binti mwenye ualbino apewe zaidi: mikono mirefu, kofia pana juu ya mtandio, mafuta ya kukinga jua, na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Asitumwe kwenye mwani kule Mlingotini jua la utosi kisha tuseme ni kudura.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Ngozi ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyotolewa. Aliyekuja kukuposa alikuona ulivyo, akaridhia. Picha ya harusi ni ya siku moja. Ngozi utaingia nayo kaburini.

Kikopo kile kitupeni.

Wabillahi tawfiq.